Shemeji na Mbweha wa Yiti

Mume wa mdogo wangu ni mtu asiyekosa la kujua. Ukimtajia jino linakuuma, atakutajia dawa. Ukimwambia gari lako linagonga, atakwambia kinachogonga ni kitu gani, kisha utalipeleka kwa fundi mara mbili: mara ya kwanza kwa kilichoharibika, na mara ya pili kwa alichokitia mkono yeye. Miaka ishirini na mbili namjua, na miaka ishirini na mbili namvumilia kwa ajili ya mdogo wangu tu, ambaye mpaka leo sijui alimpendea nini. Basi mbweha alipoanza kula watoto wa mbuzi wa mama yetu kule Yiti, kijiji cha pwani, nani mwengine angejitokeza kuwa mwindaji?

Mama alikuwa akikaa Yiti peke yake, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba mwisho kabisa wa kijiji, nyuma yake majabali matupu na bonde la mawe lenye miti ya miba. Alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Mtumishi alimkataa, alisema hataki mtu wa kumtazama anavyokunywa chai. Akishaswali alfajiri anakwenda bandani, anakama, anawasemesha mbuzi wake kwa Kiswahili, maana Kiarabu, kwa maneno yake, hawakishiki vizuri. Mimi nakaa mjini, Al Khuwair, ghorofa ya tatu, karibu na wizara ninayofanya kazi, na wakati ule nilikuwa peke yangu tangu mume wangu alipofariki. Mdogo wangu na mumewe wana nyumba kubwa Al Khoudh. Kila Ijumaa sote tulikuwa tunakwenda Yiti kula kwa mama.

Yule mbweha alikuwa ameshachukua watoto wanne. Asubuhi moja mama alisikia mbuzi wanalia, akatoka na bakora kumfukuza, akajikwaa, akaanguka, akavunjika mkono. Jirani ndiye aliyemwokota. Tukakaa kikao Al Khoudh, bila ya mama mwenyewe, na mdogo wangu akalia sana, akasema mtu wa umri ule hawezi kuachwa akapigana na wanyama. Mimi nikasema kosa ni la mbweha, kwa nini adhabu apewe mama. Tukabishana mpaka chai ikapoa, mwisho tukakubaliana: tungoje hadi Ramadhani, zimebaki wiki sita. Mbweha akiwa bado anakuja, mbuzi watatolewa na mama atahamia mjini. Na atahamia kwangu, kwa kuwa chumba ninacho na watoto sina.

Tulipomwambia, hakugomba. Alisema tu, "Mkiwatoa mbuzi na mimi nitoeni, nitabaki kufanya nini."

Nilichokitaka mimi ni kimoja, na nakisema waziwazi ili kisije kikageuzwa: nilitaka mama yangu abaki Yiti. Mwanamke wa miaka themanini anayeamka kukama mbuzi, ukimpandisha ghorofa ya tatu na kumweka kwenye kochi, umemgeuza kitu cha kufutwa vumbi. Nilishaona kwa mama wa mwenzangu wa kazini. Alitolewa shambani kwake akaletwa mjini kwa mapenzi yote, na mwaka hakuumaliza. Usiku nilikuwa naomba Mungu yule mnyama afe kwa lolote lile.

Hapo ndipo shemeji alipotanua kifua. "Niachieni mimi," akasema.

Kumbe kwa muda mrefu alikuwa akitazama video za simu za wanaume wa Kimarekani wenye ndevu, wanaowinda mnyama wa kwao jamii ya mbweha, mwenye hadhari kupita kiasi. Humfuati, maana akikuona humfikii. Unamwita. Unajificha, unaweka spika mbali kidogo nawe, unaipigisha sauti ya sungura aliyeumia au mtoto wa mnyama anayelia, naye njaa ikimzidi anasogea mpaka penye shabaha yako. Shemeji alituhadithia haya juu ya sahani ya wali kama kwamba yeye ndiye aliyewafundisha wale Wamarekani. Alikuwa ameshaagiza spika na rimoti yake, wavu wa kujifunika wa rangi ya majani, wakati majani yenyewe Yiti hayapo, na kiti kidogo cha kukunja, kwa sababu mgongo unamsumbua. Bunduki alirithi kwa baba yake, na karatasi zake zilikuwa sawa. Kibali cha kumpiga mnyama alikifuatilia akakipata kwa halali. Nadhani ndilo jambo pekee alilowahi kulifanya hatua kwa hatua.

Nilimdharau, tena dharau ya kurithi. Baba yetu alikuwa mwindaji wa kweli, kule Tabora tulikozaliwa, kabla hatujaja huku nchi ya Kiarabu. Hakuwa na spika wala rimoti. Alikuwa akitoka na kanzu moja chakavu, anapotea siku tatu, anarudi na nyama ya kula mtaa mzima. Anarudi ananuka kama beberu. Sisi watoto tulikuwa tunaziba pua na kumkimbia, na mama alikuwa akimwekea maji ya moto uani, haingii ndani mpaka aoge. Uvundo ule niliuhesabu kuwa ni taabu ya kazi, kama grisi kwa fundi gari. Nilichokuwa nakikumbuka kwa fahari ni nyama na bunduki, na nilijiona bingwa wa kuwinda kwa kuwa mtoto wa mwindaji.

Ijumaa ya kwanza tulikula, tukanywa kahawa na halua, na shemeji akawa hanyanyuki. Anatueleza upepo, anatueleza masikio ya mbweha, kitambi chake kimemlalia mapajani. Nikaenda jikoni nikawasha makaa nikaleta chetezo. Kwetu mgeni hatoki bila ya udi, na chetezo kikishapita ndiyo ruhusa ya kuondoka. Atakayeendelea kukaa baada ya hapo amekosa adabu. Siwezi kusema uongo: nilikuwa nakiwahi kukiwasha kwa ajili yake, atuondokee. Akasimama, akainua pindo la kanzu, moshi ukampanda, akajifukizia na ndevu, halafu akabeba bunduki yake na spika akaelekea bondeni na kanzu yake nyeupe pe. Mimi, mdogo wangu na mama tukapanda juu ya dari, lile paa bapa la nyumba, tukatazama. Mama, na mkono wake umefungwa plasta, nilimwekea kiti.

Sauti aliyoichagua siku ile ilikuwa ya mtoto wa mbuzi anayelia. Wallahi hata mimi iliniingia. Mbweha hakutokea, ila mbuzi mkubwa wa mama, aliyechukuliwa mwanawe na mbweha karibuni, aliruka ukuta wa banda, akateremka mbio mpaka bondeni, akasimama mbele ya ile spika akiilamba. Shemeji akamfukuza, mbuzi akarudi. Akamfukuza tena, akarudi tena. Jua lilipozama walikuwa bado wako pale wawili, mwindaji na mbuzi, na mdogo wangu akawa anacheka mpaka anashika ubavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu wiki, zimebaki tano, na aliyekabidhiwa roho ya mama yangu ni yule.

Ijumaa ya pili alikuja na nguo za kuwindia, za rangi ya udongo, na maarifa mapya. Spika akatia sungura. Akatueleza kuwa yule mnyama haji moja kwa moja. Anasikia sauti, anazunguka mbali, anakuja kwa upande ambao upepo unamletea harufu, anapima kwanza kwa pua. Jioni upepo unatoka baharini kwenda majabalini, kwa hiyo kila kitu chetu mbweha anakipata kabla hajatuona. Nilimwachia aseme, nikaenda zangu kuwasha makaa. Nilipomfikia na chetezo akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji," akasema kwa upole, "leo mimi usinipitishie."

"Kwa nini? Udi wa nyumba hii unakunukia vibaya?"

"Hasha. Nasema mnyama ana pua."

"Mnyama ana macho pia. Akikuona na nguo hizo atakufa kwa kicheko, risasi utabaki nayo."

Watoto wake mwenyewe wakacheka. Akamtazama mama, pengine alitaraji atasema neno, lakini mama alikuwa ameinamia kikombe chake. Mkwe kukataa udi mbele ya mama mkwe wake, nyumbani kwake, ni kumtukana, na shemeji, na mambo yake yote, adabu anayo. Akalisogeza shati juu ya chetezo. Nami nikamweka pale muda mrefu kuliko kawaida, nikaongeza na kipande kingine, ili ajue hapa ni kwa nani.

Siku ile nilikuwa na darubini, na mbweha nilimwona. Alitokea mbali, nyuma ya jabali, mwembamba, masikio makubwa. Sungura wa kwenye spika analia, naye amekaza shingo kabisa, anataka. Akazunguka kama shemeji alivyosema, taratibu, akisimama na kwenda, mpaka akafika upande wa majabalini. Akainua pua. Akakaa kitako kidogo, kama mtu aliyepita nyumba ya watu akasikia kuna shughuli ndani. Kisha akageuka akaenda zake bila ya haraka, na shemeji kule chini anatazama upande mwengine kabisa. Nikampa mama darubini, nikamwambia, tazama, hata mnyama keshamjua kuwa si mtu wa kuogopwa. Mama akatazama, akaiteremsha darubini, akanitazama mimi kwa muda. Nikadhani anataka chai. Nikateremka kumletea.

Wiki iliyofuata mbweha alichukua mtoto wa tano.

Shemeji, badala ya kuona haya, akaja na fikra nyengine. Aliuacha wavu wake kwa mama, akautundika ndani ya banda, juu ya samadi, na nguo zake za kuwindia akazitia humo humo. Hakumweleza mtu kwa nini. Pengine alishachoka kueleza na kuchekwa. Alhamisi nilichukua likizo nikaenda kumwosha mama nywele, nikavikuta vitu vile bandani vinanuka mikojo ya mbuzi na mavi, nikasema lahaula, huyu mtu hata uchafu wake anamwachia mwanamke mwenye mkono mmoja. Nikavifua vyote. Nikavisuuza kwa maji ya kulainishia nguo, yale ya waridi. Vilipokauka nikaona havitoshi, nikavitandaza juu ya susu, kile kitenga cha miti cha kufukizia nguo, nikavitilia udi chini mpaka vikaiva. Mama alikuwa amekaa mlangoni ananitazama. Aliniuliza, "Wavu nao?" Nikamjibu, wavu nao, mama, tukifanya jambo tulifanye.

Ijumaa shemeji alipoufungua ule wavu alisimama nao mkononi. Nilimwona uso unavyokunjuka na kukunjika. Nilingoja aseme lolote nimpe lake, nilikuwa nimeshaliandaa. Akasema, "Ahsante, shemeji, umejisumbua," akatoka. Alikaa bondeni mpaka magharibi, nasi juu ya dari tulikuwa tunaupata udi wake kila upepo ulipotulia. Mbweha safari hii hata jabali hakulipita. Shemeji akaja Ijumaa ya nne, na ya tano, kila mara nikimfukiza kabla hajatoka, kila mara akirudi na mchanga viatuni na maneno machache zaidi. Ijumaa ya tano hakusema chochote mezani. Nilifurahi. Nikasema Alhamdulillahi, angalau kitu kimoja mbweha amekifanya.

Siku tatu kabla ya mwezi kuandama, alichukuliwa mtoto wa mbuzi wa mwisho, jike jeupe ambaye mama alikuwa akimnywesha kwa chupa. Safari hii mama hakutoka nje. Alinipigia simu ofisini, akasema, "Njoo unichukue," akakata.

Mbuzi walikwenda kwa jirani. Shemeji ndiye aliyewapeleka mmoja mmoja, kwa sababu walikuwa hawataki kutoka bandani na mama alikataa wafungwe kamba. Alipomaliza alikuja akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, mtu mzima mwenye mvi, akamshika mguu. Akasema, "Nisamehe, mama, nimeshindwa." Machozi yalikuwa yanamtoka. Nami nilisimama na masanduku mlangoni, nikajisemea, kweli umeshindwa, baba yangu angekuwa hai asingekuruhusu hata kumbebea risasi. Mama alimpapasa kichwa kwa mkono ule mzima, akamwambia hana kosa. Nilidhani ni ukarimu wake tu.

Sasa ni mwezi wa tano mama yuko kwangu. Bakuli lake la kukamia alikuja nalo, nikamwekea juu ya kabati, akaliteremsha, linakaa chini ya kitanda chake. Alfajiri akishaswali anasimama dirishani anatazama barabara kuu, magari ya watu wa ofisini yanavyoanza kusongamana, mpaka mimi niamke. Chakula anakula kidogo. Mazungumzo yamepungua. Siku moja nilimsikia anasema peke yake chumbani, nikatega sikio, nikasikia anawataja mbuzi kwa majina, mmoja baada ya mmoja, anawauliza wamelalaje. Nilirudi jikoni nikasimama pale bila ya kufanya kitu.

Ijumaa iliyopita mdogo wangu na mumewe walikuja kula, maana Ijumaa zetu sasa ni hapa. Baada ya kahawa nikaleta chetezo kama ada. Shemeji akasimama, akainua pindo la kanzu, moshi ukampanda, na mimi nikasubiri. Hakusema kitu. Siku hizi hasemi. Walipoondoka na mlango nikaufunga, mama akaniita nikae karibu naye.

"Mwache yule mume wa mdogo wako," akasema. "Umemchezea vya kutosha. Nami nshakuja."

Sikumwelewa, nikamwambia sikumwelewa. Akacheka kidogo, kicheko cha kumstahi mtu.

"Baba yako akitaka kutoka kuwinda alikuwa akilala bandani na mbuzi. Nguo zake nlikuwa siruhusiwi kuzifua. Mtu atiwe udi halafu akamvizie mnyama, wapi na wapi? Nlijua toka Ijumaa ya mwanzo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini wiki sita alikaa kimya na neno lile kinywani.

"Nseme nini? Yeye mwenyewe alikwambia mbele yetu sote, ukazidisha. Na wavu ukaufua, ukaufukiza." Akanishika mkono, vidole vyake vimekauka, havina tena yale mafuta ya maziwa. "Nkasema mwanangu huyu toka mumewe afe yuko pweke, ananitaka kwake na anaona haya kuniomba. Mbuzi nnawapenda, lakini sitawapenda kuliko wewe. Nkanyamaza, ukapata ulichokitaka."

Nje magari yalikuwa yanapita. Nilitafuta kitu cha kumwambia, nikaona chochote kilicho kweli kitamvunja zaidi ya kule kuanguka kwake. Nitamwambia nini? Kwamba sikumtaka? Kwamba aliwaacha mbuzi wake kwa sababu mimi nilikuwa na raha ya kumdharau mtu?

"Au sivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, mama," nikasema, nikainuka kwenda jikoni kuzima makaa.